Rivyu: takwimu za uchaguzi za Maktaba ya Bunge la Uingereza, ukitaka kujua Reform wana nguvu wapi hasa anzia hapa

Naandika rivyu ya kitu cha bure ambacho wengi wetu tunaoishi Uingereza hatukitumii, na kwa hali ilivyo sasa huku naona kila mwenye haki ya kupiga kura anakihitaji. Ni huduma ya takwimu za uchaguzi ya House of Commons Library, yani maktaba ya bunge lao. Sio maktaba ya kwenda kuazima vitabu, ni ofisi ya watafiti wanaowaandalia wabunge taarifa, na sehemu kubwa ya kazi yao inawekwa mtandaoni mtu yeyote anasoma na kushusha, hulipi senti, hufungui akaunti.

Kwa nini nimeitafuta? Kwa sababu ya Reform UK, chama cha Nigel Farage kinachopinga uhamiaji. Mi naishi Northampton na Mei 2025 Reform walichukua halmashauri yetu ya West Northamptonshire, na tangu hapo kila grupu la wasapu nililomo ni stori hizo hizo. Mmoja anasema usihamie kaskazini kule wote Reform, mwingine anasema London haina shida kabisa, mwingine anasema Scotland wazungu wa kule ni tofauti hawana mambo hayo. Watu wanapanga wapi pa kuhamia, wapi pa kutafuta kazi ya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa), wapi watoto wakasome, kwa kutegemea maneno ya kusikia. Nikasema hapana, nataka namba.

Kwanza nilipita kwenye tovuti moja ya kulipia, jina naliacha, ramani yao inang'aa kweli lakini imepakwa rangi kwa ukubwa wa ardhi, kwa hiyo jimbo la mashamba lenye watu wachache linameza nusu ya skrini na majimbo kumi ya mjini yanaonekana kama nukta. Ukiangalia ramani ya namna hiyo utadhani nchi nzima imeshaamua. Maktaba ya Bunge wao wanatumia ramani ya vipande vya pembe sita, kila jimbo kipande kimoja saizi sawa, kwa sababu kila jimbo lina mbunge mmoja. Kwa hilo tu tayari wameniridhisha.

Sasa tuingie kwenye bidhaa yenyewe. Tafuta ripoti yao ya matokeo ya uchaguzi mkuu wa 2024, chini yake kuna faili mbili, moja ya majimbo na nyingine ya wagombea. Shusha ya majimbo. Unafungua kwa Excel, kila mstari ni jimbo, mistari 650. Kuna safu ya jina la jimbo, safu ya mkoa, safu ya chama cha kwanza, safu ya chama cha pili, waliojiandikisha, kura halali, kura zilizoharibika, afu kura za kila chama. Reform wameandikwa RUK. Zingatia kitu kimoja: zile ni kura, sio asilimia, kwa hiyo ongeza safu yako pembeni, gawanya RUK kwa kura halali, buruta hadi chini, afu panga kuanzia kubwa kwenda ndogo. Dakika tano umemaliza hata kama Excel unaijua ya juu juu.

Ukishapanga, juu kabisa inakaa Clacton, Farage mwenyewe, asilimia 46. Baada yake Ashfield ya Lee Anderson, karibu 43. Boston and Skegness ya Richard Tice, 38. Great Yarmouth, 35. Hapo ndo unaanza kuona picha, maana Clacton, Skegness na Great Yarmouth zote ni miji ya pwani ya mashariki, ile miji ya zamani ya kwenda kula likizo kabla wazungu hawajaanza kupanda ndege za bei chee kwenda Spain. Jimbo la tano walilochukua ni South Basildon and East Thurrock kule Essex, na hapo walishinda kwa kura 98 tu, yani watu wa mtaa mmoja wangebaki nyumbani stori ingekuwa nyingine.

Ila kilichonifanya niandike rivyu hii ni hiki kinachofuata, naomba usome taratibu. Chuja kwa mkoa. Mkoa ambao Reform walipata sehemu kubwa zaidi ya kura 2024 ni North East, kule Sunderland, Durham, Newcastle, karibu asilimia 20. Unajua walipata wabunge wangapi North East? Sifuri. Mkoa una majimbo 27, kati ya vyama viwili vikubwa vya huku Labour walichukua 26 na Conservative moja. Sasa njoo East of England, kura za Reform ni kama asilimia 17, chini ya North East, lakini walitoka na wabunge watatu. Wawili waliobaki wametoka East Midlands, ambako walipata karibu 19. Kwa hiyo mtu akikuambia mkoa fulani "ni wa Reform" muulize anamaanisha kura au anamaanisha viti, maana huku ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sababu yenyewe iko kwenye faili ukiwa na subira. Kule North East kura zao zimetandazwa karibu sawasawa, jimbo hadi jimbo wako wa pili, wa pili, wa pili, nyuma ya Labour. Mfumo wa huku aliyeongoza anachukua chote na wa pili harudi na kitu, ni sawa na wa kwetu wa ubunge wa majimbo ila wenyewe hawana hata viti maalumu vya kupoza. East of England zimekusanyika, Clacton wamejaa na Cambridge hawapo kabisa, kwa hiyo pale walipojaa wanashinda. Kwa nchi nzima walipata asilimia 14.3, kura milioni 4.1, viti 5. Liberal Democrats walipata kura pungufu, asilimia 12.2, wakaondoka na viti 72. Mtu unaweza usiwapende Reform, mi siwapendi na sifichi, lakini hesabu hiyo lazima uielewe kwa sababu inafanya kazi pande zote mbili, siku kura zao zikipanda kidogo kwenye majimbo wanayoshika nafasi ya pili viti vitamiminika. Chuja safu ya chama cha pili uandike RUK utaona majimbo 98, na 89 kati ya hayo mbunge wake ni wa Labour. Namba hiyo 98 mi naiona ni muhimu kuliko ile 5 iliyotangazwa na kila redio.

Sasa maneno ya grupuni. "Kaskazini ni Reform kusini sio." Faili linakataa. Clacton iko kusini mashariki ya nchi, ni safari ya treni ya saa moja na nusu hivi kutoka London. Kent nayo ni kusini kabisa, jirani na Ufaransa, na Mei 2025 Reform walichukua viti 57 kati ya 81 kwenye halmashauri ya Kent. Wakati huo huo majimbo ya ndani ya Manchester na Liverpool, kaskazini, wako chini sana. Kwa hiyo mstari haukatwi kati ya kaskazini na kusini, unakatwa ndani ya kila mkoa, kati ya miji mikubwa yenye vyuo na vijana wa kupanga nyumba, na ile miji midogo ya pwani na ya migodi ya zamani yenye wazee wengi, watu wasiosoma chuo, na mtaa wa maduka uliofungwa nusu. Tatizo la takwimu za mkoa ni kwamba zinachanganya Cambridge na Great Yarmouth kwenye sufuria moja na kukuletea wastani ambao hauelezi popote.

Na hapa maktaba wana kitu cha pili ambacho lazima nikisifie, zile kurasa za takwimu za jimbo moja moja. Unachagua jimbo unapata umri wa watu, elimu, waliozaliwa nje, nyumba, wanaopokea msaada wa serikali. Ukiweka pembeni ya lile faili la kura unaanza kuelewa kwa nini. Mfano Clacton. Ndani ya jimbo hilo kuna sehemu inaitwa Jaywick, nyumba ndogondogo zilizojengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu wa London kuja kupumzika kiangazi, baadaye watu wakahamia moja kwa moja. Serikali ya Uingereza ina orodha yake ya mitaa yenye dhiki zaidi England, na kipande cha Jaywick kimeshika nafasi ya kwanza 2010, 2015, 2019 na tena 2025. Mara nne mfululizo! Miaka kumi na tano, serikali za kila rangi zimepita, na mtaa ule ule uko pale pale. Sasa akija mtu akasema vyama vyote viwili vikubwa vimewasahau, hata kama dawa anayoiuza ni ya uongo, ile sentensi ya kwanza ana ushahidi wake. Hilo linaniuma kwa sababu hasira yao ni halali afu inakuja kumwangukia nesi wa Kimalawi na mbeba vifurushi wa Kisomali ambao hawakufunga kiwanda cha mtu.

Ashfield stori yake ni nyingine. Huko Nottinghamshire, nchi ya makaa ya mawe, migodi ikafungwa yote. Ilikuwa ngome ya Labour. Huyo Lee Anderson mwenyewe alifanya kazi mgodini, akawa diwani wa Labour, akaja kuwa mbunge wa Conservative 2019, Machi 2024 akahamia Reform. Ukiangalia safari yake moja tu unaona safari ya wapiga kura wake maelfu, ndo maana alishinda kwa kura zaidi ya 5,000 wakati wenzake wengine wamepita kwa kusuasua.

Boston ndo wengi wanaitolea mfano wa wageni. Kwenye kura ya maoni ya kutoka Umoja wa Ulaya 2016 wilaya ya Boston ndo iliongoza nchi nzima, asilimia 75.6 walisema tutoke. Ni eneo la mashamba ya kabichi na koliflawa na maghala ya kufungasha mboga, na baada ya 2004 Walithuania na Wapolandi na baadaye Waromania walikuja wengi kwa muda mfupi kwenye mji mdogo ambao haukuzoea wageni wengi. Linganisha na London, wageni ni wengi kuliko Boston mara nyingi tu lakini Reform walipata asilimia 8.7 pekee. Kwa hiyo wanaosema "palipo na wageni wengi ndo kuna Reform" faili linawakatalia pia, mi nikiangalia naona kasi ya mabadiliko ndo ina uzito, na kama hospitali na nyumba ziliongezwa kufuata watu au la. Boston hazikuongezwa kiasi cha watu kuridhika, na hapo ndo pa kugombania na serikali badala ya kugombana na mfungasha kabichi.

Na London yenyewe isikudanganye kwa ule wastani wa 8.7. Hornchurch and Upminster, mashariki mwisho wa London kuelekea Essex, Reform walikuwa wa pili karibu na mshindi. Yani mtu anakaa Romford anafikiri yuko "London salama" kumbe majirani zake wanapiga kura kama watu wa Essex. Hackney au Peckham, ndani zaidi ya London, ni nchi nyingine. Mji mmoja huo huo, treni moja.

Scotland sasa, maana nina ndugu Glasgow na kila siku ananiambia nihamie. Ni kweli 2024 walikuwa na asilimia 7 tu, nusu ya wastani wa nchi, hawakupata kiti. Scotland 2016 walitaka kubaki Ulaya kwa asilimia 62, na mtu mwenye hasira na London kule ana pa kuipeleka, ana SNP, chama kinachotaka Scotland ijitenge, na suala la uhuru. Lakini angalia nyuma, 2015 UKIP chama cha zamani cha Farage kilipata Scotland asilimia 1.6. Kutoka 1.6 kuja 7 sio mchezo. Juni 2025 kukawa na uchaguzi mdogo wa bunge la Scotland jimbo la Hamilton, Larkhall and Stonehouse, Labour wakashinda, SNP wa pili, Reform wa tatu na asilimia 26. Kwa hiyo ndugu yangu Glasgow nampenda ila hii ya "Scotland hawana mambo hayo" tuiweke pembeni.

Wales ni karibu na England kuliko watu wanavyodhani, asilimia 16.9 mwaka 2024, hakuna kiti lakini wa pili kwenye majimbo 13 kati ya 32. Afu Oktoba 2025 uchaguzi mdogo wa bunge la Wales jimbo la Caerphilly, bonde la makaa ya mawe ambalo Labour walikuwa hawajui kushindwa, Reform walipeleka nguvu zote na waliopita mbele yao ni Plaid Cymru, chama cha kizalendo cha Wales, asilimia 47 kwa 36. Nilifurahi sana usiku ule. Watu waliokuwa hawataki Reform walimwangalia mwenye nafasi kubwa ya kuwashinda wakamwendea huyo, Labour wakabaki na makombo. Ireland ya Kaskazini usipoteze muda, safu ya RUK haina kitu, Reform hawakusimamisha watu kule.

Mapungufu. Faili kubwa ni la Julai 2024 na mambo yamekimbia. Wale wabunge watano wa mwanzo, wawili hawako tena Reform, Rupert Lowe wa Great Yarmouth na James McMurdock wa South Basildon, na akaongezeka Sarah Pochin aliyeshinda Runcorn and Helsby Mei 2025 kwa kura 6, sita, kwenye jimbo ambalo mwaka mmoja nyuma Labour walishinda kwa zaidi ya 14,000. Siku hiyo hiyo walichukua halmashauri kumi, zikiwemo Durham, Lincolnshire, Lancashire, Kent na hii yetu. Unaona Durham hapo? Ile North East ya sifuri. Kura zilizokuwa zimetandazwa zikapanda, na walipopita kizingiti wakazoa viti 65 kati ya 98 vya halmashauri. Maktaba wanazo ripoti za chaguzi za madiwani na chaguzi ndogo pia, ila ziko kurasa tofauti, lazima uzitafute moja moja uunganishe mwenyewe. Afu usijaribu kulinganisha jimbo la 2024 na la 2019 kwa jina tu, mipaka ilichorwa upya, jina linaweza kubaki lile lile na mitaa ikabadilika. Na faili la mistari 650 kwa simu halisomeki, tafuta laptopu, ya mtoto wa shule inatosha.

Kingine, maktaba hawakupi maoni. Hawasemi nani mbaya nani mzuri, hawatabiri. Kuna watu watachukia hilo, mi ndo nimelipenda, kwa sababu kwenye usiku wa uchaguzi ule utabiri wa televisheni wa saa nne usiku uliwapa Reform viti 13 na vikaja kuwa 5. Hapa unapata kilichohesabiwa tu.

Sasa kwa nini nawasumbua nyie na hili. Septemba 2025 Farage alitangaza kwamba wakishika serikali watafuta ukaazi wa kudumu, yani ile ILR ambayo wengi wetu tumehesabu miaka mitano ya viza, ada za viza na ada ya afya ili tuifikie. Labour nao tayari wamesema wanataka iwe miaka kumi kwa wengi. Wafanyakazi wa kea, tangu Julai 2025 mlango wa kuajiriwa kutoka nje umefungwa. Haya mambo yanaamuliwa na wabunge, na mtanzania, mkenya, mganda na mnyarwanda anayeishi huku kihalali ni raia wa Jumuiya ya Madola, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura uchaguzi mkuu hata kama hana pasipoti ya Uingereza, hata mwanafunzi. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawamo mpaka wapate uraia, na hilo ni jambo la kuwaambia mapema wasije wakajaza fomu bure. Wengi niliowauliza kazini hawakuwa wanajua kabisa. Waliopiga kura nchi nzima 2024 walikuwa asilimia 60 tu ya waliojiandikisha, na kuna jimbo limeamuliwa kwa kura 98 na jingine kwa 6.

Kwa hiyo nyota, nawapa tano kwa ubora wa namba na tatu kwa urahisi wa kutafuta. Ukifungua mara ya kwanza anza na jimbo lako, andika jina lake kwenye kutafuta, soma chama cha kwanza, cha pili, na tofauti ya kura. Kama safu ya pili imeandikwa RUK na tofauti ni ndogo, jiandikishe wiki hii, inafanyika mtandaoni kwa namba yako ya National Insurance, na siku ya kura beba kitambulisho chenye picha, ile kadi ya dereva ya huku inakubalika. Akikwama mtu kwenye hiyo safu ya asilimia aniandikie hapo chini nimsaidie.